Mboga ni Chungu

"Mboga ni chungu, kamuulize mpishi." Ndivyo alivyosema yule mama kule shughulini alipoletewa habari za mkwewe nusunusu, na nyinyi mkacheka bila kujua mnachekea nini. Mlidhani anateta mboga ya shughuli. Hakuwa akiteta mboga. Haya, sogeeni mkae, maana methali hii ilianza hivi.

Zamani za majumbe, katika kijiji kiitwacho Kwedivumo, palikuwa na mtu jina lake Mdoe. Kijiji chenyewe kilikuwa cha mihogo. Ukiiacha mihogo, ulikuwa umekiacha kijiji. Mizizi waliisaga wakasonga bada, ugali wa muhogo, majani wakayatwanga wakapika kisamvu, na vijiti wakavichomeka tena ardhini wakangoja. Lakini kitu kuwa kimoja si mapishi kuwa mamoja. Kila nyumba ilikuwa na kisamvu chake, na jioni wanawake walikuwa wakipelekeana mabakuli yaliyofunikwa kwa kawa, na bakuli halikwenda bila maneno.

"Shoga, chako leo kimesahau chumvi."

"Kimesahau kwa sababu chako cha jana kilitumia ya mtaa mzima."

Wakicheka, wakirudishiana mabakuli, na bakuli halikurudi tupu. Ndiyo yalikuwa mazungumzo yao, na ndiyo yalikuwa mapenzi yao.

Sasa katika visamvu vyote vya Kwedivumo, kilichogombewa kilikuwa cha Bi Somoe, mke wa Mdoe. Bakuli la Bi Somoe likifika kwa mtu, watoto waliacha mchezo. Basi masika moja homa ikampata Bi Somoe. Njia ya kwenda hospitali ilikuwa imekatwa na mto, na daraja aliloahidi Jumbe Semhando lilikuwa bado limo kinywani mwa Jumbe Semhando. Mto ulipopungua, Bi Somoe alikuwa ameshazikwa.

Mdoe akabaki na nyumba, na jiko ambalo hakuwa amewahi kuliingia, na shamba la mihogo alilolima pamoja na mkewe. Shamba hilo ndilo lililokuwa tegemeo lake. Hakuwa na jingine. Mihogo ile ndiyo ingemvusha kiangazi mpaka mavuno mengine, na alilijua hilo kila alipoamka.

Wanawake majirani walimletea mabakuli mpaka arobaini ikapita. Baada ya hapo mabakuli yakapungua, kama ilivyo, kwa kuwa kila mmoja ana nyumba yake na midomo yake ya kulisha. Mdoe hakulaumu. Lakini kulikuwa na jambo limemkaa kifuani. Kila alichoonja kilikuwa kizuri, wala hakikuwa chenyewe. Alitaka ale kisamvu cha Somoe mara moja nyingine tu. Akapiga moyo konde, akaingia jikoni.

Jikoni alilokuta likining'inia ukutani ni sufuria. Na sufuria hilo lina habari yake. Mwaka uliotangulia Jumbe alipiga mbiu kwamba vyungu vya udongo ni uchafu, na kila nyumba inunue sufuria, na masufuria yakawa yanauzwa dukani kwa shemeji yake Jumbe. Hata hamna haja ya kuuliza. Bi Somoe akanunua lake, akalitundika mahali ambapo mtu yeyote akichungulia ataliona likimetameta. Mdoe alijua hayo tu.

Akachuma majani, akayatwanga, akayatia katika sufuria, akafunika, akachochea moto kama anayefukuza fisi. Kikaungua chini, kikabaki kibichi juu, na katikati kilikuwa maji. Akakila hivyohivyo. Siku ya pili kikatoka kibaya zaidi. Ndipo akawaita majirani wake wawili, Bi Hadia wa upande wa kulia na Bi Sikudhani wa upande wa kushoto.

Bi Hadia akaonja kwa ncha ya kidole, akafumba macho.

"Shemeji, ulikifunika hiki?"

"Nilikifunika."

"Kisamvu hakifunikwi kikianza kuchemka! Kina hewa mbaya, lazima itoke. Na hizi karanga?"

"Nimetia. Si huwa zinatiwa?"

"Nani kakwambia? Somoe alikuwa mtu wa nazi."

"Somoe wa nazi?" Bi Sikudhani akashika kiuno. "Hadia, usiniamshie marehemu. Mimi nimekula kwa Somoe tangu wanangu hawajaota meno. Karanga, tena za kukaanga."

"Nazi."

"Karanga, nakwambia."

"Basi muulize mwenye kula. Shemeji, ilikuwa nazi ama karanga?"

Mdoe akalitazama bakuli. Miaka yote ile alikuwa ametia mkono bakulini, na hakuwahi hata siku moja kuuliza kilichomo.

"Kilikuwa kitamu," alisema.

Wale wanawake wakatazamana, wakamhurumia.

"Mimi nilimwuliza siri yake," alisema Bi Hadia. "Akacheka tu, akaniambia, 'Hadia, mboga ni chungu.'"

"Hata mimi alinijibu hivyo hivyo," alisema Bi Sikudhani, na kwa mara ya kwanza wakapatana. "Mboga ni chungu."

"Basi si unaona?" alidakia Bi Hadia. "Alikuwa anasema uchungu. Majani yana uchungu, uutoe. Chemsha, mwaga maji, chemsha tena, mwaga tena."

Mdoe akafanya kama alivyoambiwa. Alichemsha akamwaga, alichemsha akamwaga, mpaka majani yakawa kama kitambaa kilichofuliwa kwa miaka. Hakikuwa na uchungu, wala utamu, wala jina. Akakaa mbele ya bakuli akajiuliza yule mwanamke alikuwa akisema nini. Kisamvu chake hakikuwa na uchungu hata chembe, sasa kwa nini kila akiulizwa alijibu uchungu? Kichwa kikamzunguka. Kumbe mtu anaweza kuishi na mtu, akamzika, kisha ndipo aanze kumsikia.

Siku moja alipanda dari ya jikoni kutafuta mahindi ya mbegu. Nyuma ya magunia mkono wake ukagusa kitu cha duara, kimefungwa kwa kanga kuukuu. Akakishusha. Kilikuwa chungu cha udongo, kipana tumbo, cheusi kwa masizi, na ndani kimelainika kwa mafuta ya miaka. Akaingiza pua. Harufu ikatoka ileile ya jioni zake zote.

Mdoe akakaa chini pale pale penye majivu. Mboga ni chungu! Kama mtu anavyosema nyumba ni msingi, ngoma ni ngozi. Somoe alikuwa akiwaambia wazi, kila aliyeuliza alimwambia, na hakuna aliyesikia. Lile sufuria lilikuwa la macho ya Jumbe. Kazi ilikuwa ikifanywa na chungu. Mdoe akacheka peke yake mpaka kicheko kikageuka kikawa kitu kingine, akajifuta kwa ile kanga.

Kesho yake akakiweka chungu juu ya mafiga, akatia majani yaliyotwangwa, akakiacha wazi mpaka kikachemka vyema, akapunguza kuni, akakiacha kijipikie polepole. Tui hakulitia wala karanga hakuzitia, maana bado hakujua. Alitia chumvi na kitunguu tu. Alipoonja, akageuka kumwita mkewe uani, ndipo akakumbuka.

Akapakua mabakuli mawili, akayafunika, akayapeleka kulia na kushoto, kwa mara ya kwanza yeye akiwa ndiye mpelekaji. Haukupita muda, wanawake wote wawili wakawa mlangoni kwake, bakuli mkononi, Bi Hadia akikomba kwa kidole.

"Shemeji! Hiki ni cha Somoe! Umefanyaje?"

Tangu masika Mdoe hakuwa amepata neno la kujivunia. Akajipanua mlangoni, akapaza sauti mtaa mzima usikie.

"Mboga ni chungu!"

"Si nilikwambia?" alisema Bi Hadia, akidhani ni ushauri wake wa kumwaga maji. "Nilikwambia mimi!"

Wakati huo huo alikuwa akipita njiani Mbaruku, tarishi wa Jumbe. Wiki ile ile ilikuwa imekuja habari kwamba huko bondeni watu wameugua kwa kula mihogo michungu, na wakubwa wa wilaya wamewaagiza majumbe wawe macho. Mbaruku akasikia kwa masikio yake, "Mboga ni chungu!" Akaona wanawake na mabakuli yaliyokombwa. Hakusimama kuuliza. Kuuliza kungemchelewesha, na habari ikichelewa huwahiwa na mwingine. Akakimbia.

"Jumbe, kisamvu cha Mdoe ni sumu."

"Nani kasema?"

"Mpishi mwenyewe, kwa kinywa chake. Mboga ni chungu, kasema, tena kwa kelele."

"Na waliokula wapo?"

"Wawili, nimewaona kwa macho."

"Wamekufa?"

"Bado."

Jumbe hakutaka kusikia zaidi. Wakubwa ndivyo walivyo. Mto ukijaa hawana mbio, lakini neno baya juu ya mnyonge huwakuta wamekwisha vaa viatu. Akatuma barua wilayani kwamba amegundua shamba la mihogo ya sumu na kwamba linang'olewa. Kisha ndipo akatafuta watu wa kuling'oa.

Asubuhi Mdoe alipokwenda shambani alikuta vijana wa kijiji wamejipanga na majembe, na mihogo yake imelala chini kama watu waliochoka. Akadhani amekosea njia. Akautazama ule mti wa mpakani, akaona ndio.

"Wanangu, mnafanya nini?"

"Amri, mzee," alijibu mmoja, hakuinua uso.

"Amri ya nini?"

"Kung'oa."

"Kung'oa naona. Kwa nini?"

"Sisi tumeambiwa kung'oa, mzee. Kwa nini hatukuambiwa."

Akaenda kwa wa pili, akamjibu vilevile. Wa tatu akasema amesikia ni wadudu. Wa nne akasema ni kodi. Mdoe akazunguka katikati ya shamba lake akiokota muhogo huu, akiuacha, akiokota ule, hajui aanzie wapi.

Na huko mtaani habari ilikuwa imeshafika mbele yake. Bi Hadia, aliyelala vizuri na kuamka vizuri, aliposikia kwamba amekula sumu, tumbo likaanza kumkata palepale. Akalala mkekani akiagiza nani arithi kinu chake. Bi Sikudhani alisema yeye hasikii kitu, kisha akakaa kimya akijisikiliza, na baada ya kitambo akasema labda kuna kitu. Watu wakawashika mikono, wakawakokota mpaka shambani, wakamwone muuaji wao.

Jumbe akaja na mwavuli wake, Mbaruku nyuma. Watu wakakusanyika.

"Bwana Mdoe, jana ulisema nini mlangoni kwako?"

Mdoe akafikiri. "Jana? Nilisema mboga ni chungu."

"Mmesikia wenyewe. Anakiri."

"Nakiri nini, Jumbe? Ni kweli tupu. Mboga ni chungu. Hata marehemu alikuwa akisema hivyo."

"Marehemu alijua?"

"Alijua kuliko watu wote wa hapa."

"Akajua, na bado akawalisha watu?"

"Kila jioni! Na walikuwa wakigombea."

Watu wakaguna. Bi Hadia akalia, "Jamani, tumelishwa tangu zamani!"

"Na wewe, Mdoe," Jumbe akapandisha sauti, "ulipojua ni chungu, ukapika?"

"Nilipojua ndipo nikapika. Kabla sijajua nilikuwa naharibu majani tu."

"Unataka kuniulia watu kwa chungu!"

Hapo Mdoe akadhani ameelewa. Akakumbuka ile mbiu ya masufuria. Basi hilo ndilo kosa! Akavua kofia yake, akainama kidogo.

"Nisamehe, Jumbe. Kama ni chungu, nitakiacha, nitapikia sufuria kama ulivyoamrisha. Lakini mihogo imekosa nini? Kosa la chungu, mbona adhabu inabebwa na mihogo?"

Sasa ikawa zamu ya Jumbe kuduwaa. "Sufuria? Sufuria linaingiaje hapa?"

"Si wewe uliyekataza vyungu?"

Majembe yakasimama. Watu wakatazamana, kila mtu akimngoja mwenzake aelewe kwanza. Bi Hadia akajivuta mbele, mkono bado tumboni.

"Shemeji, niambie mimi niliyekula. Chungu kipi unachosema wewe?"

"Chungu, Bi Hadia! Chungu cha udongo, cha kupikia! Cha Somoe, kiko jikoni kwangu, njoo ukione. Wewe ulidhani kipi?"

Bi Hadia akautoa mkono tumboni polepole. Akasimama wima. Tumbo lilikuwa limepona palepale.

Bi Sikudhani ndiye aliyeanza kucheka. Akacheka akakaa chini, na watu wote wakafuata, hata wenye majembe. "Mwenzangu ameshagawa kinu!" alisema akijipiga mapaja. "Hadia, kinu ulimpa nani?"

"Nyamaza, nawe ulikuwa unajisikiliza!"

Jumbe hakucheka. Akamgeukia tarishi wake. "Mbaruku, ulimuuliza mpishi?"

"Hukuniuliza kama nimemuuliza, Jumbe."

Kicheko kikapanda tena, kisha kikaanza kukatika, mmoja mmoja, watu walipogeuka wakaliona shamba. Nusu yake na zaidi ilikuwa chini. Mdoe alikuwa hacheki.

"Basi wasimamishe, Jumbe," alisema. "Hii iliyobaki inaweza kunivusha."

Jumbe akatazama pembeni. "Barua imeshakwenda wilayani kwamba shamba linang'olewa. Wakija wakalikuta limesimama, nitaonekana mwongo."

"Na mimi nikikutwa na njaa nitaonekana nani?"

"Utapewa mbegu."

"Lini?"

Jumbe akafungua mwavuli, na jua halikuwa kali. Akaondoka. Majembe yakaendelea, polepole, kama ya watu wanaochimba kaburi la mtu wanayemjua, mpaka muhogo wa mwisho ukalala.

Muhogo ukishang'olewa hauna subira. Wanawake wakarudi makwao wakachukua visu na mikeka, wakakaa palepale shambani wakamenya, wakakata, wakaanika makopa, huyu akisema vipande viwe vyembamba, yule akisema vikiwa vyembamba vinakuwa vumbi. Majani yote wakayachuma. Wakaagiza kile chungu kiletwe, wakapika kisamvu cha mwisho cha shamba lile. Bi Hadia akatia nazi yake, Bi Sikudhani akatia karanga zake, na safari hii hawakubishana. Mdoe akapewa bakuli la kwanza. Hakikuwa cha Somoe. Akakila chote.

Makopa yakamsogeza, bada kavu bila mboga, asubuhi na jioni. Kiangazi kikawa kirefu. Mbegu za Jumbe hazikuja. Vijiti vyake mwenyewe Mdoe alivificha kivulini akivimwagia maji, akingoja mvua.

Kiangazi kilipokuwa katikati, Jumbe akapata mgeni, mkubwa kutoka wilayani. Mgeni huyo alikuwa amesikia njiani, maana chakula kizuri kina miguu, kwamba Kwedivumo kuna kisamvu cha chungu kisicho na mfano. Akasema angependa kukionja. Jumbe akamtuma Mbaruku mbio kwa Mdoe.

Mdoe alikuwa amekaa kizingitini akichambua makopa yaliyotobolewa na fukusi.

"Shikamoo, mzee. Jumbe anaomba bakuli moja la kisamvu. Kile chako."

"Marahaba." Mdoe hakuinua macho. "Kamwambie Jumbe, mboga ni chungu."

Mbaruku akageuka aende zake, akiwa na jibu mkononi. Akapiga hatua, akasita. Akarudi.

"Samahani, mzee wangu. Chungu kipi? Cha udongo, au cha ulimi?"

Mdoe akanyanyua kichwa, akamtazama yule mtu kwa muda, kisha akatazama kule shambani, penye mashimo matupu na vumbi.

"Leo ni cha ulimi," alisema. "Lakini vizuri umeuliza."

Mbaruku akaenda akalifikisha neno kama lilivyo, mbele ya mgeni, bila kulipunguza. Alichokula mgeni siku ile hakijulikani.

Tangu hapo, tarishi akifika Kwedivumo na mbiu yoyote, iwe ya kodi, iwe ya daraja, watu hawakukimbilia majembe. Walimketisha kwanza, wakampa maji, wakamwuliza, "Umemwuliza mpishi?" Kama hakuuliza, alirudishwa. Nanyi kesho mtu akiwajia mbio na neno alilolidaka mlangoni kwa mwenzake, msishike tumbo, wala msinyanyue jembe. Mwambieni: mboga ni chungu, kamuulize mpishi.